Mbegu za Matunguru Katika Mtungi wa Mgeni

Mke wangu husema kwamba mimi nikipewa kitu kizuri lazima nikichokonoe mpaka kiharibike. Nilipokuwa kijana nilibishana naye. Sasa nimestaafu na kichwa kimekuwa cheupe, na sibishi tena, kwa sababu kisa ninachotaka kukieleza hapa yeye alikiona kwa macho yake, akiwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa Kalinzi. Siku isiyo na ukungu ungesimama uwanjani pa shule ukaliona ziwa lote kule chini, na milima ya Kongo ng'ambo. Nilifundisha sayansi. Nyumbani nilikuwa na migomba, kahawa kidogo, na mtumbwi wa kukamulia ndizi, gogo zima lililochongwa, ambao baba aliniachia. Kwetu pombe ya ndizi ni kazi ya wanaume. Unazika mikungu shimoni, unaifunika kwa majani ya mgomba na udongo, unaiacha iive siku nne au tano. Kisha unazimenya ndizi na kuzikanda kwa nyasi ndani ya mtumbwi mpaka zitoe maji, unachuja, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika. Baada ya siku moja au mbili watu wanakunywa. Baba alifanya hivyo, na babu alifanya hivyo, wala hakuna aliyewahi kuona kasoro.

Kasoro aliiona mwalimu mwenzangu, aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi. Jumamosi moja nilimkaribisha. Alikunywa nusu kibuyu, akafuta midomo, akasema, "Tamu, Mwalimu, sikatai. Ila haina kiungo. Kwetu pombe ya mbege isiyotiwa gome chungu la mti wa msesewe tunaiita uji wa watoto."

Uji wa watoto! Mtu amekaa kwangu, amekalia kigoda changu, anakunywa jasho langu, halafu uji wa watoto. Nilicheka naye kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimefura. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba nitatafuta kiungo cha kwetu, kitu cha porini mwetu wenyewe, mpaka yule bwana aombe kuongezewa.

Nilianza na mbegu za ukwaju nilizonunua soko la Ujiji. Nilizikaanga hadi zikawa nyeusi, nikazitwanga, nikazitia. Pombe ikanuka nyumba iliyoungua. Nikajaribu mbegu za kivumbasi, zile ndogo za majani tunayojifukizia tukiwa na mafua. Mke wangu alionja kijiko kimoja akaniuliza kama nataka kuwalewesha watu au kuwatibu kifua. Mara ya tatu nikaenda kwenye matunguru. Ni matunda mekundu yanayotoka chini kabisa kwenye shina, karibu na udongo, kule mabondeni kwenye maji. Tulipokuwa wadogo tuliyapasua na kufyonza ule utomvu wa ndani wenye uchachu, tukizitema mbegu. Mbegu zenyewe ni nyeusi, ndogo, na ukizitafuna zina ukali na harufu inayokaribiana na iliki. Nilijilaumu kwa kutozifikiria mapema.

Ni katika majira hayo ya kuchokonoa ndipo Mrundi mmoja alipokuja kwangu.

Miaka ile Warundi walikuwa wakikimbia vita na kuvuka mpaka kwa makundi, na vitanda vyao kichwani, na wengine bila chochote. Serikali ilikuwa imewatengea kambi, lakini wanaume wengi walitoka wakatafuta vibarua vijijini, kwa maana mgao wa chakula ulikuwa haufiki mwisho wa juma. Huyu alikuwa mtu wa rika langu, mwembamba, mpole wa maneno. Mkewe na binti yao mdogo walikuwa kambini. Nilimpa kazi ya kupalilia kahawa wiki moja. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Nilimkatia kipande cha shamba ukingoni, akajenga kibanda, akapanda maharage yaliyoyashinda yetu sote kwa uzuri. Lugha yake na Kiha chetu ni ndugu, kwa hiyo hatukuhangaika kusikilizana. Hata hivyo kijijini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mgeni, naye akaitika.

Alichokitaka alinieleza siku moja tukiwa tunamenya ndizi. Alitaka kumleta mkewe na mtoto. Lakini hakuthubutu kuwatoa kambini bila barua ya Mwenyekiti wa kitongoji, barua ya kumtambua kuwa mkazi, kwa sababu mgambo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Na Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuandika barua kwa sababu umemwomba. Kwetu, na kwao pia, mtu akitaka kupokewa mahali anakamua pombe yake mwenyewe, anawaita wenye mji, na wao wakinywa mtungi wake hadi chini, basi yeye ni jirani na hakuna wa kumgusa. Wasipokunywa, wamemkataa. Hakuna kupiga kura wala kuandika muhtasari.

"Mtungi mmoja, Mwalimu," alisema. "Mtungi mmoja na mwanangu atalala hapa."

Basi tukaanza kujiandaa. Katika kukamua, yule mtu alikuwa fundi, nami niliona aibu nikimtazama. Alijua ndizi imeiva kwa kuibonyeza tu kwa kidole gumba. Alijua nyasi ipi inatoa maji safi na ipi inaacha uchungu. Majaribio yangu ya mbegu aliyacheka bila kuficha. Nilimwonyesha jinsi nilivyogundua kwamba matunguru mabichi yakitwangwa yanatoa harufu ya sabuni, lakini yakianikwa siku tatu, yakakaangwa kidogo pamoja na mtama, yakafungwa kitambaani na kutumbukizwa katika pombe iliyokwisha kuchujwa, ukali unatulia na harufu inabaki. Alionja. Akaonja tena.

"Ni nzuri," alikiri. "Tena nzuri sana. Ya kwako nyumbani fanya utakavyo, Mwalimu. Ila ya watu usiiguse. Ya watu iwe kama wanavyoijua."

Nilimwambia ndiyo. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilimwambia ndiyo.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Moshi alikuja, akanywa ile ya matunguru, akaomba kuongezewa. Mara mbili! Aliniuliza nimetia nini, nikakataa kumwambia. Kichwa kilinivimba hata kofia isingenitosha. Na ni kwa kichwa hicho nilichokuwa nacho ndipo nilipokwenda kwenye mtungi wa Mgeni, jioni ya kuamkia siku ya wageni, yeye akiwa amekwenda kisimani. Nilijiambia kwamba namsaidia. Wazee watakunywa kitu ambacho hawajawahi kukinywa, watauliza ni ya nani, wataambiwa ni ya Mgeni, na barua itaandikwa hapohapo. Nikatumbukiza kifurushi changu cha kitambaa, nikafunika, nikaondoka. Asubuhi na mapema nikakitoa. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Wageni walikuja baada ya adhuhuri. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Mzee mmoja mfuga mbuzi, jirani yangu wa kaskazini. Na wengine watano wa kitongoji. Mtungi uliwekwa katikati ya uwanja wa nyumba yangu, mirija ikasimamishwa ndani. Walikuwa wameoga na kuvaa makoti. Mgeni naye alikuwa amevaa shati langu jeupe nililomwazima, limefuliwa na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa. Alisimama akasema maneno ya ukaribisho, mafupi, kwa Kiha safi kabisa ambacho nadhani alikuwa amekifanyia mazoezi. Kisha akainama kwenye mtungi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua bila kuelezwa. Mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya wote. Si heshima tu. Kule kwetu watu wameogopa sumu ya kwenye pombe tangu enzi za mababu, na familia zimetengana kwa ajili yake. Mwenye pombe akinywa kwanza, tena kwa raha, amesema kwamba ndani ya mtungi hamna kitu. Ndiyo maana wageni hawatazami mtungi. Wanatazama uso wake.

Mgeni alivuta mrija. Na akashtuka.

Hakushtuka sana. Kichwa kiliinuka kidogo, nyusi zikakutana, ulimi ukapita midomoni. Mtu aliyekamua pombe kwa mikono yake, akachuja kwa mikono yake, amekuta mdomoni kitu ambacho hakukiweka. Ilikuwa kufumba na kufumbua, akainama tena akavuta kwa nguvu, mara ya pili, mara ya tatu. Lakini wote walikuwa wameona.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza. "Mgeni, mbona pombe yako imekushtua?"

"Haikunishtua, Mzee. Imekolea tu."

Mgeni aliinua macho akanitazama mimi, moja kwa moja, muda mdogo sana, na nikaona kwamba amekwisha kujua. Alikuwa ameionja ile ladha kwangu siku chache tu nyuma. Kisha akayaondoa macho haraka, asije mtu akayafuata.

Nami nilikaa kimya. Nimelifikiria hili kwa miaka mingi na sijapata njia ya kulisema vizuri, kwa hiyo nalisema vibaya: niliogopa. Kusema "mimi ndiye niliyetia kitu jana jioni, kwa siri, katika mtungi wa mtu mwingine" ni maneno ambayo kwetu huyasikii ila katika kesi ya mchawi. Niliwafundisha watoto wao. Niliona mikono ya wale wanaume ikiiachia mirija, nikatazama chini.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa mfuga mbuzi. Alisema amekumbuka mbuzi wake hawajafungwa. Mwingine akasema tumbo lake haliko sawa tangu asubuhi. Waliaga kwa adabu, wakashukuru sana, wakaondoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka msibani. Mwenyekiti alitoka wa mwisho, na hakuniangalia. Mgeni akabaki na mtungi uliojaa, na shati langu jeupe. Akakaa chini akaendelea kunywa peke yake, taratibu, bila kulewa na bila kuzungumza, akiwa ameelekea njia waliyoipita. Nadhani alitaka wakigeuka wamwone anakunywa.

Mke wangu alikuwa pale mlangoni pa jiko. Alikuja akachukua mrija mmoja, akaonja, akauachia. Hakuhitaji kuuliza.

"Umwambie," alisema. "Leo. Na Mwenyekiti umwambie kesho, au nitakwenda mimi."

Nilikwenda kukaa karibu na Mgeni. Nikaanza maneno yangu marefu ya kujitetea, namna ya mwalimu, nikieleza nia yangu. Alinikatiza.

"Nilijua tangu tone la kwanza."

"Mbona hukusema? Ungewaambia ni mimi, ungepona."

"Ningesema Mwalimu ametia kitu, wangekuogopa wewe," alisema. "Mimi wakiniogopa nitaondoka, nimeshazoea kuondoka. Wewe ungekwenda wapi?"

Nilimshika mkono nisiuachie. Nilikuwa na haya ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya baba.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwenyekiti. Nilimpa shikamoo, nikasimama, nikasema yote kwa mkupuo: mbegu, kitambaa, mwalimu wa Moshi, uji wa watoto. Aligomba mpaka kuku wakatoka uwanjani. Alisema wasomi ndio wanaoharibu nchi. Alisema lau ningekuwa na umri mdogo angenichapa. Kisha akanigeuzia mgongo, na nadhani alikuwa akizuia kicheko pale kwenye uji wa watoto.

"Mtungi mwingine," alisema hatimaye. "Ndizi zako, si zake. Ukamue wewe, uonje wewe. Na usitie hata jani. Tutakuja wiki ijayo, siku kama ya leo; watu wakinywa, nitaandika."

Siku hiyohiyo nilikata mikungu sita, iliyo bora, mingine nilikuwa nimeikusudia kwa Krismasi. Mgeni mwenyewe alinisaidia kuitandika shimoni, ingawa nilimkataza. Alikuwa akiimba chini kwa chini. Alimtumia mkewe salamu kwa mtu aliyekuwa akienda kambini, kwamba afunge mizigo polepole.

Siku ya nne, ndizi zikiwa bado shimoni, likaja tangazo. Mtu alipita na kipaza sauti akisema wakimbizi wote walio nje ya kambi wakusanyike uwanja wa shule, magari yatawachukua. Walisema ni amri ya juu na hakuna wa kubaki. Nilikwenda kumtafuta Mwenyekiti, nikamkuta naye anatafutwa na watu wengine kumi kwa shida hiyohiyo, ameshika kichwa. Hakuwa na la kufanya. Barua ambayo hajaandika isingezuia lori, na aliniambia kwamba hata ambayo angeandika isingezuia.

Mgeni alipanda lori kwenye uwanja wangu wa shule, mbele ya darasa langu. Alinirudishia shati langu, nikalikataa, akalivaa juu ya lile alilokuwa nalo. Neno lake la mwisho lilihusu shimo. "Usilifukue leo, Mwalimu. Ziache mpaka keshokutwa, zitakuwa na sukari." Lori likaondoka na vumbi lake, na wanafunzi wangu wakapunga mikono.

Nilifukua keshokutwa yake. Mke wangu aliniuliza tunamkamulia nani, mwenyewe ameshaondoka. Nikamwambia sijui. Lakini nilizikamua, kwa nyasi ileile aliyonifundisha, nikachuja, nikatia mtama na si kitu kingine, nikafunika. Sikutuma mtu kuita wageni. Nilidhani tutakunywa wawili tuimalize taratibu.

Walikuja. Hakuna aliyewaita, lakini siku ilikuwa imekwisha kupangwa na Mwenyekiti alikwisha kuwaeleza kosa langu, na ilipofika baada ya adhuhuri niliwaona wakipanda njia, na makoti yao, Mwenyekiti mbele. Walikaa palepale. Nikainama nikavuta mrija mbele ya macho yao, nikavuta tena, na machozi yalikuwa yananitoka kiasi kwamba nashangaa hawakuniogopa. Wakanywa. Walikunywa mpaka mirija ikaanza kukoroma chini ya mtungi, na Mwenyekiti akatoa kalamu mfukoni mwa koti, akaomba daftari la shule, akaandika.

Jumamosi iliyofuata nilipanda baiskeli hadi kambini, safari ya kutwa nzima, nikalala njiani kwa rafiki. Ofisa mmoja langoni aliisoma ile barua yote, kwa heshima, akanirudishia. Akasema barua za vijiji hazitumiki tena. Nilimkuta Mgeni mbele ya hema lake akitengeneza mpini wa jembe. Alinisalimu, akaniletea maji, akanitazama nilivyochoka. Nilimnyooshea barua nikaanza kumweleza habari ya langoni. Hakuipokea wala hakunisikiliza.

"Walikunywa?" aliuliza.

"Walikunywa."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

"Na yule wa mbuzi?"

"Yeye tulimsindikiza kwake, hakuweza kutembea."

Alicheka, akaweka mpini chini, akafunika uso kwa viganja. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya hema akianika nguo, akamwambia kwa Kirundi neno moja tu: "Baranyoye." Wamekunywa. Yule mama, ambaye hakuwahi kukanyaga kijijini kwetu na hakuwahi kuniona, aliifuta mikono yake kwenye kitenge, akanisogezea kigoda.

"Karibu, jirani," akasema.